Karatasi ya Ghorofa ya Tano

…na Wagdi anauliza tena, mara ya tatu hii, kijiko cha koshari kimesimama hewani na mchuzi wa nyanya unadondokea ratiba ya wiki, "Nashwa, tuwaache wapande au tuwazuie? Sema neno, wewe ndiye mwenye lugha," na Nashwa anaitazama laptopu iliyo katikati ya meza, anaona lango lile lile la chuma, ngazi zile zile, ukuta ule ule wa kijani uliobanduka mahali pale pale, jengo namba kumi na nne, Shubra, alikokulia, anaona wachezaji thelathini na ushei wamejazana mlangoni na simu zimeinuliwa juu, na bawabu, Ami Bishai, amekaa kwenye kiti chake kisicho na mgongo, mguu mmoja ameunyoosha kuziba njia, anawauliza mnakwenda kwa nani, nao wanatazamana, maana watamjibu nini, kwamba wametumwa na mhandisi aliyepotea mwaka wa themanini na nane, mhandisi ambaye hakuwahi kuzaliwa, ambaye Nashwa alimtunga mwezi wa pili akiwa kitandani na mafua… mwenye lugha, anasema, mwenye lugha, hivi maneno mawili madogo namna hii yanawezaje kumchoma mtu kama mwiba wa samaki, na kosa si la wachezaji, wachezaji wanafanya kazi yao, ni yeye na Wagdi na Nermin, wanaolipwa safari hii na kampuni ya juisi, watunge mchezo usiokiri kamwe kuwa ni mchezo, unabandika kwenye nguzo tangazo la paka aliyepotea, namba iliyo chini yake ukiipiga inapokelewa na sauti ya mwanamke anayetaja tarakimu, daftari moja unalisahau makusudi kwa muuza vitabu vya mitumba, na basi, watu elfu nne ambao jana hawakujuana wanaacha shughuli zao na kuanza kuunganisha vipande mtandaoni, na sheria ya kazi ni moja tu, pazia halifunguliwi, hutoki mbele ya watu ukasema jamani tulieni hilo si letu, hata siku moja, mchezaji akiokota kizibo cha chupa barabarani akasema hii ni dalili, basi ni dalili, unakaa chini unakitungia kizibo historia, na Nashwa alikuwa hodari wa kutungia vizibo historia kuliko mtu yeyote Kairo nzima, alijisifu hivyo mwenyewe, tena mbele ya watu.

Ndiyo maana juzi Nermin alipokuja mbio kutoka dirishani, kwenye meza yake ya kuwafuatilia wachezaji, akisema, "Dada Nashwa, wameifikia karatasi ya arobaini na moja, ile iliyokunjwa mara nne, wanasema ndiyo ufunguo wa mchezo wote," na Wagdi akapiga meza kwa furaha, "Wewe mwanamke ni shetani! Umepanda hii miezi sita iliyopita na hukutuambia hata sisi!" Nashwa hakusema lile neno dogo ambalo lingemwokoa, hiyo si yangu, alitabasamu, tena tabasamu la mtu anayejua, akameza sifa ile kama mtu anavyomeza haluwa ya mwenzake, ilhali hakuijua ile karatasi inasema nini, hakuwahi kuisoma, si juzi, si mwezi wa pili alipompa msanii daftari lake zima la usichana alipige picha kurasa zote ili lugha ionekane imeishi, ionekane imeshikwashikwa na mikono, na msanii, Mungu amsamehe kwa akili zake, akazipaka chai ili zionekane za zamani, karatasi ambazo tayari zilikuwa na miaka ishirini na sita… hakuisoma hata siku ile ilipofika mkononi mwake, hilo ndilo alilokuwa halitazami usoni, kwamba siku hiyo alikuwa amenuna, na mtu aliyenuna hasomi. "Nashwa," anasema Wagdi, "usinifanyie fumbo mimi, mimi si mchezaji," na Nermin anasema ngoja ngoja, Hagar anaanza kusoma tafsiri, Hagar yule msichana wa chuo cha ufamasia anayewaongoza, anasimama kwenye ngazi ya kwanza na kitambaa chake cha zambarau, anakohoa kama mtangazaji wa habari, nyuma yake mtu anamwambia haya Hagar tusomee hukumu, wanacheka, na Ami Bishai hacheki.

Lugha ya daftari inaitwa Sabati, yaani kapu, na wachezaji wanadhani ni jina la kishairi, wameandika kurasa na kurasa kueleza kapu ni ishara ya nini, kumbe kapu ni kapu, lile lenye kamba ambalo kila nyumba ya Shubra ilikuwa ikilishusha kutoka roshani hadi kwa muuza duka, unatia pesa na kikaratasi, Ami Shenuda anatia sukari na jibini na kurudisha chenji, unavuta, na kapu la ghorofa ya tano, la kina Ragaa, lilikuwa lazima lipite mbele ya roshani ya ghorofa ya pili, ya kina Nashwa, likiteremka na likipanda, ndipo Ragaa akaanza kumwandikia… Ragaa, hapana, Ragaa hakuandika barua, wasichana wengine waliandika barua, Ragaa aliandika amri. Maana mwaka ule shule yao ililetewa kompyuta moja, na Abla Insaf, mwalimu mkuu, akaifungia kwenye chumba cha ramani, akaifunika kitambaa alichofuma mwenyewe, akasema itaguswa siku mkaguzi atakapokuja, na wasichana mia nne wakawa wanachungulia kwenye tundu la ufunguo kuona kitambaa, na Ragaa, ambaye tayari alikuwa amesoma mara tatu kile kijitabu cha maelekezo alichokiiba kwa siku mbili kwenye kabati la Abla Insaf, akasema, kwani mashine ni nini, mashine ni kitu kinachotii, wewe Nashwa utakuwa mashine na mimi nitakuandikia. Akasema hivyo hivyo, huku anakula mahashi, majani ya kabeji yaliyojazwa wali, jikoni kwa mama yake Nashwa, mchuzi umempaka kidevuni. Na kweli akaandika, shusha, tia, toa, ngoja, rudia mpaka, akazitungia alama zake ndogo ndogo ili Ami Shenuda asizisome, na Nashwa kule chini akazitimiza, hesabu wanaume wenye masharubu wanaopita mpaka wafike ishirini, wa ishirini akiwa na kofia imba kwa sauti, asipokuwa na kofia tia limau kwenye kapu, na walikuwa wakicheka mpaka Ami Shenuda anapiga makofi kule chini, "Nyinyi mabinti, kapu langu la sukari linasubiri au limekwenda Aswani?" Na kanuni ya jibu ilikuwa rahisi, hata mtoto angeielewa, mashine ikikubali inatia kitu kwenye kapu, chochote, mashine ikikataa inaliacha lipande tupu, Ragaa ndiye aliyeitunga kanuni hiyo, Ragaa ndiye aliyetunga zote, Nashwa alikuwa mashine tu, mashine yenye kucheka, na anakumbuka kwamba alikuwa na furaha kuwa mashine, hajawahi kuwa na furaha ya namna ile tena, na hili la mwisho linamchoma kuliko anavyotaka.

"Msitari wa kwanza," anasoma Hagar kule Shubra, sauti inatoka kwenye laptopu imepasukapasuka, "soma peke yako, usimwonyeshe mtu," wachezaji wanaguna, mmoja anasema hapo tumeshaharibu, tuko elfu nne, kicheko, na Wagdi anacheka naye, anamsukuma Nashwa bega, "Umewapatia hapo," na Nashwa anacheka kwa mdomo… soma peke yako… wakati ule yeye na Ragaa walikuwa hawasemeshani wiki ya tatu, kwa ajili ya maonyesho ya sayansi, na kila alipojisimulia kisa kile baadaye alikiita kuteleza kwa ulimi, nilikuwa na miaka kumi na tano, nilikuwa mbele ya kipaza sauti, mkaguzi ananitazama, Abla Insaf ananitazama, niliteleza, lakini ulimi hautelezi dakika nne nzima, alisimama pale akaeleza lugha kanuni baada ya kanuni na hakulitaja jina la Ragaa hata mara moja, na mkaguzi alipouliza, "Nani amekusaidia, binti?" akajibu hakuna, na Ragaa alikuwa amesimama hatua moja nyuma yake ameshika bango, mikono juu, kama msumari. Hakuna! Na Ragaa hakulia wala hakumwambia kitu, alikunja bango vizuri, akampa, akaenda zake nyumbani kwa miguu, na aliyenuna akawa Nashwa, hebu angalia, mwizi ndiye aliyenuna, alinuna kwa sababu Ragaa hakugombana naye, kwa sababu angegombana angeomba radhi, au angejitetea, angepata pa kushika. Na mwezi uliopita, kwenye ukumbi ule wenye kiyoyozi, watu mia tatu, wamemwekea kipaza sauti kidogo kwenye kola, akasema tena, "Nilipokuwa na miaka kumi na tano nilibuni lugha," na watu wakapiga makofi, na video iko mtandaoni, mtu yeyote anaweza kuitazama, hata huko Ghuba, Dammam, alikohamia Ragaa, wanaweza kuitazama, popote alipo anaweza kuitazama akiwa anakaanga vitunguu.

"Msitari wa pili. Nenda kwa mama wa ghorofa ya pili." Kijiko cha Wagdi kinaingia mdomoni. "Msitari wa tatu. Mwambie apande ghorofa ya tano kabla ya Alhamisi, asiseme kwamba nimemtuma," na kule kwenye ngazi mtu anapiga yowe, leo Jumatano jamani, leo ni Jumatano! na umati wote unachemka, simu zinatikisika, Nermin anajishika kichwa, "Dada Nashwa, hata siku umeipanga?" naye hakupanga siku, wachezaji waliifikia karatasi juzi Jumatatu na wakaliona jina la duka la Shenuda kwenye jalada jana, wakauliza wazee wa Shubra duka lilikuwa wapi, ndivyo walivyofika, kwa akili zao na kwa miguu yao, ila Nashwa anaijua Alhamisi moja tu, Alhamisi ya teksi. "Msitari wa nne," Hagar anainua kidole watulie, "amwombe baba wa ghorofa ya tano amwachie binti, binti akae ghorofa ya pili mpaka amalize sekondari. Msitari wa tano. Baba akiombwa na binti, anakataa, nimeshajaribu mara mbili. Baba akiombwa na mama wa ghorofa ya pili, atakubali, hawezi kumnyima, aliuguza mke wake siku kumi na nne. Msitari wa sita. Kule hakuna uhandisi kwa wasichana. Msitari wa saba, ngoja jibu la mama, jibu likiwa ndiyo, tia chochote kwenye kapu, hata kokoto… jamani, hata kokoto, andikeni hiyo… msitari wa nane, likiwa hapana, liache lipande tupu, nami nitaelewa, sitauliza tena," na hapo Hagar anaigeuza karatasi, kisha anasema kwa sauti yake mwenyewe, si ya mtangazaji, "Imeishia hapo. Nyuma ya karatasi hakuna kitu."

Imeishia hapo… na mtu kwenye ngazi anauliza kwa hiyo mashine ilijibu nini, na mwingine, yule wa miwani ambaye hukumbuka kila kitu, anasema, fikirini, karatasi tunayo sisi, ilibaki kwenye daftari la mashine, na daftarini hakuna jibu lolote lililoandikwa, maana yake mashine iliitoa karatasi na ikaliacha kapu lipande tupu, ilikataa, na mwenzake anasema, "Mashine gani hiyo, ya ofisi ya serikali?" wanacheka, si kwa ubaya, Nashwa anawapenda hawa watoto, wanacheka kwa sababu mambo yote haya yalitungwa, kwa sababu kuna mtu mahali fulani amekaa mezani ametunga na mtu huyo ni hodari, lakini yeye anaiona mikono yake mwenyewe, mikono ya miaka kumi na tano, kucha zimeng'atwa, inalishika kapu kwenye roshani saa tisa alasiri, kapu halina pesa, halina kikaratasi cha Ami Shenuda, lina karatasi moja tu imekunjwa mara nne, na yeye anaitoa, na anajua kabisa kwamba juu, ghorofa tatu juu yake, mtu ameshika ile kamba na anahisi kila kitu kinachotokea kwenye kapu, kwa sababu kamba inasema, wote wawili walijua kamba inasema, na akafikiri, ananiomba radhi huyu, sasa ndiyo ameona, na asubiri kidogo, na yeye aone. Akaitia karatasi mfukoni, akalivuta kapu kidogo kama mtu anayegonga mlango, ishara ya tayari, vuta. Likapanda. Lilipanda polepole mno, alidhani Ragaa anaringa, na akaingia ndani kula mahashi.

Kokoto. Roshani ilikuwa imejaa kokoto za vyungu vya mrehani. Angetia kibanio cha nguo, angetia ganda la karanga, angetia hata ukucha, na si kwamba angejua anajibu nini, angejibu kwa bahati tu, Ragaa angeshuka ngazi mbio, wangegombana, wangepatana, mama angetoka jikoni… maana mama, kwa jambo hili Nashwa anaweza kula yamini, mama asingesubiri Alhamisi, asingesubiri hata kuvaa, angepanda ghorofa tatu na kanga ya jikoni kiunoni na kijiko mkononi, angemwambia baba yake Ragaa, Ustadhi Fikri, "Wewe nenda Dammam ukafundishe hesabu zako, huyu binti niachie, kitanda kipo," na Ustadhi Fikri, ambaye alizoea kuinamisha kichwa mbele ya mama tangu mkewe alipougua, angeinamisha kichwa. Ilikuwa kazi ya dakika tano. Badala yake ikaja Alhamisi, teksi ikaja, masanduku yakafungwa juu kwa kamba za kuanikia nguo, mama yake Ragaa akashuka kuaga, akalia kwenye bega la mama, na mama akauliza Ragaa yuko wapi, hapandi kuniaga? akaambiwa yuko kwenye teksi, ana kichefuchefu, na mama akatoka roshani, akapunga mkono, akapunga, akaita, "Ragaa! Ragaa, mwanangu!" na kilichoonekana kutoka ghorofa ya pili ni paa la teksi na masanduku, na Nashwa alikuwa wapi, Nashwa alikuwa bafuni, mlango ameufunga kwa komeo, amefungua maji. Na tangu siku ile, jina la Ragaa likitajwa, mama hutazama pembeni, "Yule msichana nilimlisha kwa mkono huu. Hata kuniaga hakuniaga. Niliwahi kumkosea nini?" miaka ishirini na sita anauliza, mwezi wa Ramadhani uliopita aliuliza, huku anakunja majani ya kabeji kwa vidole vilivyopinda, niliwahi kumkosea nini, Nashwa, wewe ulikuwa rafiki yake, hakukwambia? na Nashwa akasema, "Sahau, mama, watu wakipata Ghuba wanabadilika." Alisema hivyo. Mdomo wake huu. Na habari za Ragaa walizopata ni vipande, mtu alisema ameolewa huko huko, mwingine akasema anafundisha chekechea, mwingine akasema anashona, hakuna aliyesema mhandisi, na Nashwa alizisikia zote kwa kile kiburi kidogo cha mtu aliyebahatika, akienda chuo kikuu kila asubuhi, kitivo cha uhandisi, kiti cha mbele.

"Sikiliza," anasema Wagdi, na sasa ameweka kijiko chini, yuko kazini, macho yanang'aa, "hii ni dhahabu. Wanapanda ghorofa ya pili, wanagonga, nani anafungua? Tumeweka mtu?" na kule Shubra Ami Bishai ndiye anayemjibu bila kujua, anamwambia Hagar, "Binti yangu, ghorofa ya pili anakaa Hajja Sohair, na Hajja Sohair magoti yake mabovu, hapokei wageni wenye simu. Jengo hili lina wenyewe," na Hagar anamwambia, "Ami, dakika mbili tu, tuna ujumbe wake," "Ujumbe kutoka kwa nani?" "Kutoka ghorofa ya tano," na Ami Bishai anamtazama sana, mzee yule, miaka thelathini na tano kwenye kiti kile, anasema, "Ghorofa ya tano sasa hivi kuna daktari wa meno," na Nermin anapiga makofi, "Kuna Hajja kweli! Dada Nashwa, umeweka mpaka mwigizaji!" na Wagdi anamgeukia kwa mshangao ambao ni heshima tupu, heshima aliyokuwa akiitafuta kwa mtu huyu miaka tisa, "Umeweka mwigizaji?" na hapa, hapa hasa, angeweza kusema ni mama yangu, maneno matatu, pazia na lianguke, na ulimi haukuteleza, ulimi ulikaa mahali pake kama kawaida yake, ila mkono chini ya meza umeshaitoa simu, kidole kimeshaipata namba ya nyumbani, ile ya mezani, mama hataki nyingine, na simu inaita, anaisikia inaita kwa mbali kwenye paja lake.

Alipiga ili aseme usifungue. Na liwe wazi hilo, hakuna mtu hapa wa kudanganywa. Alipiga ili aseme, mama, kuna wahuni kwenye ngazi, jifungie, jifanye hupo, na mama angejifungia, wachezaji wangegonga na kuondoka, Wagdi angewaandikia mistari miwili kutoka kwa mhandisi wa uongo, mchezo ungesonga mbele, na karatasi ingebaki ya Nashwa, kazi yake bora kuliko zote, wangeizungumza kwenye kumbi zenye viyoyozi… simu inaita, mara ya tano, simu yenyewe iko ukumbini chini ya kitambaa cha kufuma, mama lazima azime jiko kwanza, lazima ashike ukuta, lazima amwambie simu nakuja, nakuja, una moto gani… na watoto hawa thelathini, wasiomjua Ragaa wala mama, wamepanda mabasi kutoka Helwani na Giza katikati ya wiki ili kufanya kitu ambacho yeye hakuwahi kukifanya, kufikisha maneno. Wanadhani ni mchezo na wamefanya. Yeye alijua si mchezo… hapana, hakujua, hakusoma, lakini hata kutosoma ni kazi ya mtu, mtu anakaa kutwa nzima asisome karatasi iliyo mfukoni mwake, anaihisi kwenye paja, anakula nayo, anailalia, anaifungia kwenye daftari na kulihamisha daftari nyumba hadi nyumba miaka ishirini na sita bila kuikunjua, hiyo si ajali, sehemu moja ya Nashwa ilijua kwamba ile haikuwa radhi, kwamba Ragaa si mtu wa kuomba radhi kwa kosa la mwenzake, ilijua na ikafunga komeo ikafungua maji. "Nashwa," anasema Wagdi, "nasikia simu ya nani? Niambie basi, tuwaache au tuwazuie? Bishai huyu atawakubalia sasa hivi, angalia, anakunja mguu," na kweli mguu wa Ami Bishai unakunjwa polepole, mara ya nane inaita, ya tisa, na yeye anaileta simu sikioni mbele yao wote, Nermin anamtazama, na ajabu ni kwamba maneno anayo, hahitaji kuyatunga, yeye ambaye hutunga kila kitu, yameandikwa tayari na mtu mwenye miaka kumi na tano aliyefikiria kila jambo, hata kokoto, atayasema kama yalivyo, mama, Ragaa anaomba akae kwetu mpaka amalize sekondari, panda kwa baba yake umwombe, na anamjua mama, hatalia kwanza, hatauliza Ragaa yuko wapi, kwanza atasema ndiyo, atalisema kabla sentensi haijaisha, bila shaka, hilo nalo la kuuliza, kitanda kipo… kisha, kwa kuwa mama ni mtu anayependa mambo yanyooke, atauliza, ameomba lini, na Nashwa itabidi amtajie mwaka.